Bakuli Lililoelea

Mama mdogo alikuwa ameinamia sinki la jikoni kwangu, hapa Njiro, Arusha, mikono imezama hadi karibu na viwiko ndani ya beseni, aliponiita kwa sauti ambayo tangu utotoni naijua kuwa haiitikiwi kutoka mbali. Nilipofika, maji yalikuwa meusi. Hayakuwa na ule ukijivu wa maji yaliyosuuza sufuria yenye masizi. Yalikuwa meusi kama wino, na povu la sabuni juu yake lilikuwa limegeuka kahawia. Katikati ya beseni, bakuli langu la mpingo, ambalo kwa miezi saba lilikuwa limekaa juu ya meza ya sebuleni bila kuguswa na chochote isipokuwa kitambaa cha vumbi, lilikuwa linaelea.

"Nilitaka kulitilia ndizi," alisema. "Nikaona kwanza nilioshe."

Hakuwa na kosa lolote. Alikuwa amefika asubuhi hiyo kwa basi kutoka Moshi na chane tatu za ndizi mbivu, akatafuta chombo cha kuzitosha, na chombo kikubwa kuliko vyote nyumbani kilikuwa hicho.

Kisha akafanya jambo ambalo sijaacha kulifikiria tangu siku hiyo. Alilisukuma bakuli chini kwa kiganja mpaka likajaa maji na kuzama lote, akaliachia. Likaibuka taratibu, ukingo mmoja ukitangulia.

"Mpingo gani huu, mwanangu, unaoibuka?"

Sikuwa na jibu.

## Nyundo ya marehemu

Mume wa mama mdogo, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa seremala mjini Moshi kwa zaidi ya miaka 30. Katika karakana yake kulikuwa na nyundo ya mti yenye kichwa cha mpingo, ambayo watoto wote wa ukoo tulikatazwa kuichezea na ambayo, kwa sababu hiyo hiyo, sote tuliichezea. Siku moja binamu yangu aliitumbukiza kwenye pipa la maji ya mvua ili tuone kama itaogelea. Ilishuka kama jiwe. Pipa lilikuwa refu kuliko mikono yetu, hivyo ikabidi limwagwe lote, wakati wa kiangazi, na adhabu tuliyoipata haihusiani na makala hii.

Ninachotaka kusema ni kwamba nilikuwepo. Nilikuwa na miaka tisa na niliiona nyundo ile ikizama. Kwa hiyo hata mimi, si mama mdogo peke yake, nilikuwa najua kuwa mpingo hauelei, na bado nilikwenda dukani nikanunua bakuli jepesi kiasi kwamba nililibeba kwa mkono mmoja hadi kwenye gari, mkono wa pili ukiwa na simu.

Miti mingi huelea kwa sababu ujazo wake una uzito mdogo kuliko ujazo huo huo wa maji. Mita moja ya ujazo ya maji ina kilo 1,000. Mpingo mkavu huwa na zaidi ya kilo 1,200. Ndiyo maana watengenezaji wa zumari na klarineti wa Ulaya wameuhitaji kwa miaka mingi, kwani mti mzito na mgumu wa rangi hiyo, usio na vinyweleo vinavyonyonya unyevu wa pumzi, ni nadra duniani. Mti wenyewe hukua kwa kusuasua. Huchukua takriban miaka 70 au zaidi kufikia unene wa kukatwa, na hata hapo shina huwa limejipinda, lina mikunjo na mara nyingi ni bovu katikati. Kinachoitwa weusi wa mpingo ni moyo wake tu. Kando ya moyo kuna tabaka jembamba lenye rangi ya manjano iliyofifia.

Bakuli langu lina kipenyo cha sentimita 41, ni jeusi kutoka ukingo hadi ukingo, na ni kipande kimoja.

Ilitakiwa shina la namna gani ili kulipata? Swali hilo lingeweza kuulizwa na mtu yeyote aliyewahi kuuona mpingo ukiwa mti. Mimi nilikuwa nimeuona ukiwa kinyago tu.

## Nani alilitaja jina kwanza

Nilirudi kwenye kibanda nilikolinunulia, katikati ya mji, nikiwa nimejiandaa kugombana. Bakuli lilikuwa kwenye mfuko, lenye mabaka kama ndama, na njia nzima nilikuwa nikizipanga sentensi zangu. Kijana muuzaji alinitambua mara moja. Nilipolitoa bakuli na kuliweka mbele yake, hakushtuka wala hakuona haya. Aliligeuza mara mbili, akatoa maelezo kama daktari anayesoma kipimo.

"Limeoshwa hili, dada. Haya hayaoshwi. Niachie mpaka saa kumi, nitalipaka upya, sikutozi kitu."

"Uliniambia ni mpingo."

"Wewe ndiye uliyesema mpingo, dada. Mimi nilisema ndiyo."

Sentensi zangu zote zilinipotea. Niliondoka na bakuli langu bila kudai fedha, na kwa wiki tatu zilizofuata nilikuwa nikiirudia siku ile ya ununuzi kichwani: nikiwa kwenye foleni ya magari, nikiwa naosha vyombo, na mara moja nikiwa kanisani, jambo ambalo nimeliungama.

Mwanzoni nilikuwa na hakika kuwa yeye ndiye aliyesema. Baadaye nikawa na hakika kidogo. Halafu likanijia jambo moja dogo ambalo sikulitafuta. Siku ile nilikuwa na rafiki yangu, na muda mfupi kabla ya kufika kwenye bakuli tulisimama mbele ya sahani za jiwe laini, zile zenye pundamilia na twiga waliochorwa kwa kukwangua rangi. Mgeni mmoja alikuwa akielezwa kwamba zimechongwa hapa hapa Arusha. Nilimnong'oneza rafiki yangu kwamba jiwe hilo linachimbwa Tabaka, huko Kisii nchini Kenya, kwamba ni laini kwa sababu lina madini yale yale yanayosagwa kuwa poda ya mwili, na kwamba sahani hizo zimevuka mpaka wa Namanga zikiwa zimefungwa kwa magazeti. Nilikuwa sahihi. Nikajisikia mjuzi. Na nikiwa bado katika ulevi huo wa ujuzi, nilichukua bakuli jeusi, nikaligonga kwa ukucha, nikamwambia rafiki yangu kwa sauti ya kutosha kusikiwa na muuzaji: "Sasa huu ndio mpingo wenyewe. Sivyo, kaka?"

Kukapita kimya cha sekunde moja hivi.

"Ndiyo, dada."

Ile sekunde moja ndiyo iliyonisumbua. Sasa naamini kwamba ndani yake kijana yule alikuwa akipima: amsahihishe mteja aliyejipandisha mwenyewe juu ya ngazi, tena mbele ya rafiki yake, au amwache huko juu. Bei aliyotaja ilikuwa shilingi 95,000 na tukaafikiana 60,000, nami nikaondoka nikihesabu kwamba nimempunja.

Sitaki kumtakasa. "Ndiyo" yake ilikuwa uongo, na mtu anayeuza vitu vya miti anajua miti yake. Lakini uongo ule nilikuwa nimeushona mimi mwenyewe, yeye akaweka kifungo tu, na sikuweza kurudi pale kudai fedha nikiwa na uso mkavu. Pengine mtu mwingine angeweza. Mume wangu, kwa mfano, bado anasema nilipaswa kudai angalau nusu.

## Vyombo vya kabatini

Mama mdogo alikaa kwetu siku nne, na katika siku hizo nne hakuzungumzia kudanganywa kwangu hata mara moja. Kilichomkera kilikuwa jambo jingine kabisa.

"Sasa lilikuwa linakaa pale mezani likifanya nini?"

"Ni pambo, mama mdogo."

"Bakuli?"

"Bakuli."

"Chombo kisichotiwa kitu ni chombo gani?"

Nilimkumbusha kabati lake la vioo kule Moshi. Ndani ya kabati hilo, juu ya vitambaa vya kudarizi vyenye ncha zinazoning'inia, kuna seti ya sahani nyeupe za udongo zenye ukingo wa dhahabu, alizopewa siku ya harusi yake mwaka 1984. Nimekula katika nyumba ile harusini, msibani, Krismasi na katika ubatizo wa wajukuu wanne, na kila mara tumekula kwenye sahani za plastiki na za bati. Zile za kabatini sijawahi kuona hata kijiko kikizigusa.

"Zile ni za wageni," alisema.

"Wageni gani?"

Akafikiri.

"Hawajafika."

Tulicheka wote wawili, lakini yeye ndiye aliyeshinda kucheka, kwa maana alijua kwamba hakuwa amejibu. Kila nyumba ninayoijua, kuanzia Kaloleni hadi Kiboriloni, ina vyombo vya namna hiyo, na anayedhani kwamba kuweka bakuli ili litazamwe ni tabia tuliyoiga juzi kutoka kwenye hoteli za watalii hajafungua macho sebuleni kwa mama yake. Huko pwani jambo hili lina umri mkubwa zaidi. Nyumba za mawe za Waswahili zilikuwa na zidaka, yaani vishubaka vilivyopangwa ukutani kwa safu, na humo zilikaa sahani na mabakuli ya Kichina yaliyosafirishwa katika Bahari ya Hindi. Katika makaburi ya nguzo ya Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, sahani na mabakuli hayo yalipachikwa kwenye chokaa ya nguzo zenyewe, mahali ambapo hakuna mtu aliyetarajia kuyalia chakula. Mengi yameng'olewa tangu zamani, na kilichobaki ni mashimo ya duara yanayoonyesha ukubwa wa kila moja.

Niliwahi kusimama mbele ya mashimo hayo nikiwa mwanafunzi, na nakumbuka nilisikitikia sahani zilizoibwa. Safari hii nilipoyakumbuka niliwaza jambo jingine: sahani ile iliyokuwa kwenye nguzo ya kaburi ilikuwa ya Kichina kweli. Imesafiri kweli, imegharimu kweli. Aliyeipachika hakuwa na sababu ya kuipaka kitu.

Hapo shaka yangu ikahama. Haikuwa tena juu ya kama bakuli la pambo lina haki ya kuwepo. Ilikuwa juu ya kilichokuwa chini ya rangi.

## Kwa Mrombo

Niliulizia, nikaelekezwa kwa mzee mmoja mchongaji mwenye karakana ya mabati huko Kwa Mrombo. Ni Mmakonde kutoka upande wa Newala, na ujana wake aliutumia akichonga Mwenge, Dar es Salaam, kabla ya kuhamia huku kaskazini kufuata watalii. Nilimwamkia, nikampa bakuli bila kueleza chochote.

Hakuitazama rangi. Aliligeuza kitako juu, akalinusa, akabonyeza ukucha mahali palipokuwa pamekwanguka.

"Mjakaranda," alisema.

Yaani mti ule ule. Mti unaopamba barabara za Arusha kila Oktoba na Novemba kwa maua ya zambarau, ambao nimeupiga picha nyingi kuliko nilivyowapiga wanangu, na ambao asili yake ni Amerika Kusini. Mzee alinieleza kwamba mbao zake ni laini, hazipingi tezo, na kwamba kila mjakaranda unapokatwa mjini kupisha ujenzi, kuna mchongaji anayepata gogo kwa bei ndogo. Bakuli kama langu, alisema, yeye angelimaliza kwa siku mbili. La mpingo, hata dogo kuliko hilo, lingemla zaidi ya wiki na kumlazimisha anoe patasi kila baada ya muda mfupi. Nami nilikuwa nimesoma kwamba huko Kenya, katika miaka ya 1990, wahifadhi waliwahimiza wachongaji wahamie kwenye mjakaranda, mwarobaini, mwembe na mgrevilea ili miti ya asili kama muhugu na mpingo ipumue. Mwaka 2017 mpingo na ndugu zake wote wa jenasi moja wakaingizwa katika orodha ya kimataifa ya miti ambayo biashara yake ya nje inahitaji vibali. Kwa hiyo bakuli langu, kwa upande wa misitu ya Lindi na Mtwara, lilikuwa habari njema. Hakuna aliyefikiri kuniambia hivyo wakati wa kuliuza.

Nilimuuliza linapakwa nini. Alinyoosha mkono kwenye rafu iliyokuwa nyuma yake bila kugeuka, akashusha kopo.

Kiwi. Kiwi nyeusi ya viatu. Kando yake palikuwa na ya kahawia, na brashi mbili.

"Kumbe hata wewe, mzee?"

"Hata mimi, mama."

Akanisimulia kwamba kuna mwaka aliweka mabakuli mawili barazani, mti mmoja, ukubwa mmoja, moja amelipaka na jingine ameliacha na weupe wake. Lililopakwa liliondoka siku ile ile. Lile jeupe lilikaa mpaka likapata rangi ya vumbi, na hatimaye akampa mkewe la kuwekea vitunguu. Alisimulia bila uchungu, kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Nilimuuliza kama huwa anawaambia wateja kuwa ni mpingo. Alisema yeye huwaambia ni jeusi. Wakimuuliza kama ni mpingo? Alitazama nje, kwenye vumbi la barabara, na sikumrudia na swali hilo, kwa kuwa nilikuwa nimekaa kwenye kigoda chake na nilikuwa nimekunywa chai yake.

Halafu akaniita nisogee.

"Njoo uone kazi."

Alilishika bakuli kwenye mwanga uliokuwa ukipenya kwenye tundu la bati, akalizungusha polepole. Chini ya mabaka ya kiwi palikuwa na alama fupi fupi, mamia yake, zikishuka kutoka ukingoni kuelekea katikati kama magamba ya samaki. Kila alama ilikuwa pigo moja la tezo. Zote zililala upande mmoja, na mzee akaniambia kwamba aliyelichonga anatumia mkono wa kushoto. Akaigiza kwa mkono wake mwenyewe ili nione mapigo yangelala vipi kama angekuwa wa kulia. Akanionyesha kwamba kuta ni nyembamba kuliko mtu mvivu angethubutu, na kwamba kitako kimeachwa kinene na gogo lilichongwa likiwa bichi.

"Huyu ni fundi," alisema, akanirudishia.

Miezi saba nilikuwa na mkono wa mtu huyo juu ya meza yangu na sikuwa nimeuona. Kiwi ilikuwa imeyajaza mapigo yote, ikayasawazisha, ikayapa mng'ao mmoja.

## Msasa

Niliamua kuiondoa rangi yote. Mzee alinishauri nianze na msasa namba 80, nifuate 120, nimalizie 240, na niifanye kazi hiyo nje. Ilinichukua jioni tano barazani. Vumbi la kwanza lilikuwa jeusi na lilinuka kiatu kipya; la pili lilikuwa kijivu; kufikia jioni ya tatu lilianguka mapajani likiwa na rangi ya unga wa mtama mweupe. Mti wenyewe uligeuka kuwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa tone la chai, wenye mistari hafifu ya kijivu inayozunguka kitako. Ndani ya mapigo ya tezo weusi haukutoka wote, na nilipoona kwamba kuutoa kungenilazimu kuyafuta mapigo yenyewe, niliacha. Kwa hiyo sasa kila pigo lina kivuli chake.

Nilikuta pia ufa. Uko karibu na kitako, una urefu wa sentimita sita, na ulikuwa umejazwa vumbi la mbao na gundi kabla ya kufunikwa na kiwi. Umejazwa vizuri. Sijui kwa nini ufa huo ulinikera kuliko habari nzima ya mpingo, lakini ulinikera kwa siku mbili.

Kosa langu lililofuata lilikuwa la mafuta. Nililipaka mafuta ya alizeti, yale yale ya kupikia, na kwa wiki moja lilipendeza mno. Wiki ya pili likaanza kunata vidoleni, na ya tatu likanuka kama kikaangio kilichosahauliwa. Mafuta ya kupikia huchacha ndani ya mti kama yanavyochacha ndani ya chupa. Nililisugua tena, safari hii nikatumia nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na yale mafuta meupe yasiyo na harufu yanayouzwa kwenye maduka ya dawa, sehemu moja ya nta kwa sehemu nne za mafuta, nikapaka yakiwa ya uvuguvugu na kufuta yaliyozidi kesho yake. Hayo hayachachi. Hata hivyo, kwa kuwa kiwi hutengenezwa kwa viyeyusho na rangi ambazo hazikukusudiwa kuingia mdomoni, na sina namna ya kujua kiasi kilichozama ndani ya mti, bakuli hili halitiwi kachumbari wala ndizi zilizomenywa. Linatiwa maparachichi na ndizi zenye maganda yake.

Rafiki yangu, yule niliyemnong'oneza habari za Tabaka, alikuja kulitazama. Alilizunguka, akasema kwa upole kwamba lilivyokuwa mwanzo lilipendeza zaidi.

Nakiri kwamba ni kweli. Juu ya meza ile, mbele ya ukuta ule mweupe, jeusi lilipendeza zaidi, na yupo mtu ndani yangu ambaye angelichukua kopo la kiwi leo hii kama asingejua anachokijua.

## Gogo la kihambani

Huko Old Moshi, kwenye kihamba chetu, yaani shamba la ukoo, kulikuwa na mringaringa ulioinamia paa la nyumba ya bibi. Ni mti wa nyumbani kabisa kwa Wachagga: maua yake ni meupe, kivuli chake hutunza kahawa na migomba, na wazee waliupendelea kwa kuchongea mizinga ya nyuki na vyombo vya mbege, pombe ya ndizi. Baada ya kibali kupatikana ulikatwa, na kabla binamu zangu hawajaugawana niliomba kipande cha chini, kile kinene kilicho karibu na mizizi. Nilikipeleka Kwa Mrombo kwa gari la kubeba mizigo, na nauli yake ilizidi bei ya gogo lenyewe kama ningelinunua.

Mzee alilipasua katikati ili kuondoa kiini, kwa maelezo kwamba nyufa nyingi huanzia hapo, kisha akachonga bakuli ghafi lenye kuta nene kama mkono wa mtoto, akanikabidhi. Halikuwa limekwisha. Lilitakiwa likauke kwanza, tena kwa uvivu. Mti unapokauka husinyaa zaidi kwa kufuata duara la umri wake kuliko kwa kuelekea moyoni, karibu mara mbili, ndiyo maana bakuli lililokuwa duara likiwa bichi hugeuka umbo la yai, na likiharakishwa hupasuka. Alipaka nta sehemu zile ambazo nyuzi za mti zimekatwa na kubaki wazi, kwa kuwa maji hukimbilia kutokea hapo, akalifunga kwa karatasi, akaliingiza kwenye gunia, akaniagiza nilihifadhi mahali pasipo na jua wala upepo.

Liko chini ya ngazi. Kila Jumapili baada ya misa nalitoa na kulipima kwenye mizani ya jikoni. Wiki ya kwanza lilikuwa na gramu 4,180. Baadaye 3,760, 3,490, 3,320. Jumapili iliyopita lilisoma 3,285, na ukingo wake mmoja umeshaanza kuinuka kidogo. Fundi amesema nisimrudishie mpaka mizani itoe namba ile ile Jumapili tatu mfululizo. Hapo ndipo atakapolimalizia kwa tezo na patasi. Nimemwomba ayaache mapigo yaonekane. Nimemwomba pia, na hapa nilijisikia mjinga kidogo mbele ya rafu yake yenye makopo, asilipake chochote.

Mama mdogo hupiga simu kila Jumapili jioni kuulizia uzito, kama watu wanavyoulizia mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati.

"Limefika ngapi?"

"Elfu tatu mia mbili themanini na tano."

"Likishapakwa litakuwa na rangi gani?"

"Halitapakwa, mama mdogo. Litabaki na rangi ya mringaringa."

Alinyamaza. Nilisikia redio yake na kuku nyuma yake.

"Na hilo nalo litaelea?"

"Litaelea."

"Haya. Mje nalo Desemba. Ndizi nitaanza kuzivundika wiki moja kabla."